Kwaya siyo maabara? Nani kasema!

Baridi ya Kibosho leo haina adabu, nimejifunga blanketi naandika huku ukungu umefunika migomba mpaka dirishani. Nilipanga wiki hii niandike habari za bumu kuchelewa, lakini hizo mmezizoea. Leo nina donge rohoni, ngoja nilitoe.

Jumatano jioni tulikuwa mazoezini. Rafiki yangu wa mwaka wa pili, naye anasomea ualimu, alileta wimbo aliotunga mwenyewe. Kauweka hivi: besi na tena hawaimbi kwa pamoja, kila mmoja anaingia kwenye nafasi anayoacha mwenzake, na soprano wanarudia silabi mbili tu kama watu wanaotwanga. Ukiusikia mara ya kwanza unadhani watu wamepotezana. Tuliujaribu kama robo saa hivi. Mwalimu wa kwaya akafunga kinanda, akasema, "Mdogo wangu, kwaya siyo maabara. Majaribio kafanyie nyumbani." Watu wakacheka. Nakiri, na mimi nilicheka. Jamaa akakusanya karatasi zake, na mpaka leo hajarudi mazoezini.

Sasa naomba nimjibu mwalimu wetu, kwa heshima zote.

Kwanza, huo "ukorofi" wa kuingiliana mbona ni wa hapahapa jirani? Kule Buganda wapigaji wa amadinda hukaa kwenye marimba moja, huyu anapiga, yule anajaza katikati, na wewe msikilizaji unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Mganda mmoja, Justinian Tamusuza, aliuchukua muziki wa kwao akaandikia vayolini mbili, viola na selo. Kazi hiyo inaitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Kwenye Njia ya Msalaba. Ikapigwa na Kronos Quartet wa Marekani kwenye albamu yao Pieces of Africa ya mwaka 1992, na albamu ile ikaongoza chati za muziki wa klasiki kule kwao. Njia ya Msalaba, jamani! Kitu tunachokisali kila Kwaresima. Sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki ni wangapi tumewahi hata kulisikia jina la huyo mtunzi?

Hao Kronos ni watu wanne tu. David Harrington alianzisha kikundi mwaka 1973, baada ya kusikia redioni kazi ya George Crumb iitwayo Black Angels, iliyotungwa 1970 kwa uchungu wa vita vya Vietnam. Humo wapigaji wanapiga gongo, wanasugua glasi zenye maji, na wanahesabu namba kwa lugha mbalimbali. Kiswahili kimo! Yaani Kiswahili kinaruhusiwa kwenye majaribio ya Marekani, kwenye mazoezi yetu kinachekwa.

Najua mtasema wale wana hela. Sikilizeni: mtunzi wa kwanza waliyemwomba kazi walimlipa mfuko wa donati. Hapa kwetu tungemlipa soda na maandazi, tofauti iko wapi? Na mwaka 2015 walianzisha mradi wa kazi 50 mpya ambazo nota zake unazipata bure kwenye intaneti. Kwa hiyo hela siyo sababu.

Pili, hiyo "mila" tunayoilinda ni mila ya nani? Wamisionari walipofika Kibosho mwaka 1893, kuimba kwa sauti nne kulikuwa kitu kigeni kwa babu zetu. Hilo nalo lilikuwa jaribio. Ngoma nazo zilikuwa nje ya kanisa, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotamka mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake. Mwaka uleule Padri Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kama wazee wale wangeambiwa "majaribio kafanyieni nyumbani", leo tungekuwa tunaimba Kilatini tusichokielewa.

Sisemi kila jaribio ni zuri. Hiyo Black Angels niliisikiliza usiku kwa headphone nikaogopa kuzima taa. Na wimbo wa rafiki yangu una sehemu mbovu, mwisho wake unaning'inia tu. Lakini ubovu wa kitu unausema baada ya kukisikia chote, siyo baada ya robo saa. Na tuwe wakweli: biti ya kinanda tunayobonyeza kila Jumapili imetoka kiwandani. Nani aliijaribu hiyo kwa niaba yetu?

Linaloniuma zaidi ni kwamba sote pale ni walimu watarajiwa. Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo kwa watoto wa msingi. Kesho mtoto wa darasa la nne ataniletea wimbo wa ajabu alioutunga akichota maji. Nitamwambia akafanyie nyumbani?

Jumatano hii sitakwenda mazoezini mpaka nimpitie rafiki yangu hosteli, nimwombe radhi kwa kile kicheko. Tukija wote wawili, naomba mtupe nusu saa. Nusu saa tu.

Naomba kuwasilisha. Wenye matusi na wenye hoja wote karibuni.