MOYO ULIOPASULIWA NA SIKU 14



Mwenzetu mmoja wa gangi, mzaliwa wa huku Makutano, alipasuliwa moyo Nairobi. Wiki ya sita aliitwa kazini, na mnyapara akampa nyundo na mataruma kama zamani. Alipokataa aliambiwa, "Kama umepona fanya kazi, kama hujapona nenda nyumbani." Maneno hayo twataka kuyajibu, maana aliyeyasema hakujua, na wengi wetu pia hatujui.

Moyo ni nyama isiyopata likizo, nayo hulishwa damu kwa mishipa yake yenyewe. Mishipa hiyo ikizibwa na mafuta, sehemu ya nyama hufa ikawa kovu, na iliyobaki hubeba mzigo wa wote. Ndipo moyo hutanuka. Watu wakisikia "moyo mkubwa" hudhani ni nguvu. Sivyo. Ni kama mpira uliovutwa mno: husukuma damu kwa udhaifu, mtu akapungukiwa pumzi na kuvimba miguu.

Operesheni yenyewe mtu wa reli ataifahamu upesi. Njia ikiziba, twatandika njia ya kando, gari lipite. Daktari huchukua mshipa wa mguu au wa kifuani, akaupachika upite mahali palipoziba. Mmoja wa walioianzisha kazi hiyo ni Dkt. René Favaloro wa Argentina, mwana wa seremala, mwaka 1967 huko Cleveland, Marekani. Leo hufanywa Nairobi, na Dar es Salaam pia, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Lakini njia mpya haitengenezi injini siku ile ile. Nyama iliyolala kwa njaa huweza kuamka kidogo kidogo, kwa wiki na hata miezi, na moyo huweza kupungua ukubwa, mgonjwa akimeza dawa zake na kuacha sigara. Kovu halirudi kuwa nyama, na wengine moyo hubaki mkubwa. Tena mfupa wa kifua hukatwa kwa msumeno, nao huhitaji wiki 6 mpaka 12 kuunga. Kuinua mizigo kabla ya hapo ni hatari. Mtu aweza kutembea mpaka sokoni akaonekana mzima. Hapo ndipo mnyapara hudanganyika.

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mgonjwa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Jumla 14! Ni theluthi tu ya zile wiki 6. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, lakini bima hailipi unga wa watoto.

Siku hizo ni kiasi cha chini. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kupita hapo. Twataka miezi 3 ya mshahara kamili kwa aliyepasuliwa moyo, kisha kazi nyepesi, stoo au langoni, kwa barua ya daktari wala si kwa jicho la mnyapara. Wengine watasema twafuga wavivu. Na waje wakitazame kile kifua.

Mwenye jambo la namna hii, lake au la marehemu wa nyumba yake, aliandike ampe karani wa tawi kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya.