Wavu, tupa na bampa la kushona

Wasomaji wa safu hii wanatujua: tuko watatu, na kila muhula tunafanya kitu kwa mikono yetu kisha tunakuja kukieleza kwa Kiswahili, hata pale maneno yanapotukimbia. Muhula uliopita ilikuwa mandazi. Safari hii ni gari, na maneno yalitukimbia mapema zaidi.

Gari lenyewe ni Toyota dogo la mwaka 2008, mali ya mama wa mmoja wetu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee usiku. Wakati wa baridi mwenzetu aliligongesha kwenye nguzo ya maegesho. Alikuwa anakwenda polepole, lakini zile papi za plastiki za mbele, zinazopitisha hewa, zikavunjika tatu. Likabaki pengo. Ukichungulia humo unaiona kondensa ya kiyoyozi, na nyuma yake rejeta, na kondensa ni kitu chembamba ambacho kijiwe kimoja cha barabarani kinaweza kukitoboa. Grili mpya ilizidi mifuko yetu. Kipande cha wavu wa alumini, sentimita 100 kwa 33, hakikuzidi bei ya pizza mbili. Mama akatukubalia kwa sharti moja: Jumapili saa mbili usiku anaondoka na gari lake kwenda kazini, liwe na wavu au lisiwe nao.

Kuhusu kuchagua wavu tuna la kusema, maana tulikaribia kununua ule mbaya. Wenye matundu madogo unapendeza, unafanana na magari ya mashindano. Mwenzetu anayesoma hesabu akachukua karatasi. Tundu la mraba la milimita 4 likizungukwa na waya wa milimita 1, hewa inabakiwa na asilimia 64 tu ya nafasi. Tundu la milimita 10 kwa waya uleule linaacha karibu asilimia 83. Halafu bado rangi, ambayo inaziba zaidi. Tukachukua wenye matundu makubwa, hata kama hautishi mtu. Na kama gari lenu ni la miaka ya karibuni na lina rada nyuma ya nembo ya mbele, msiweke wavu wa chuma wala alumini mbele yake, kwa sababu rada haioni kupita hapo.

Jumamosi asubuhi tulitoa bampa. Skrubu na klipsi ziko juu, ukifungua boneti (nyumbani kwa mwenzetu wa Bukavu husema kapo, kutoka Kifaransa), nyingine ziko ndani ya matao ya magurudumu, na nyingine chini, mahali ambapo lazima ulale chali kwenye lami yenye baridi. Tulipiga picha kila skrubu ilipotoka. Klipsi mbili zilikatika, plastiki ya zamani haina huruma. Kama gari lina taa za ukungu, chomoa waya zake kabla hujavuta bampa.

Papi zilizobaki tulizikata kwa msumeno mdogo wa chuma, tukapiga msasa, kwanza namba 120 halafu 240. Tukachora umbo la pengo kwenye boksi la kadibodi, tukalikata, tukalijaribu mara nne hadi likakaa, ndipo tukaliweka juu ya wavu na kuongeza sentimita 2 kila upande. Mkasi wa bati unakata alumini kama kitambaa, na unakata vidole vilevile. Vaeni glavu, mmoja wetu alivaa baada ya kujifunza. Ncha za wavu tulizikunja kuelekea ndani, kwa sababu hapa Uingereza gari likiwa na ncha kali inayoweza kumjeruhi mtu linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Kisha praima ya alumini, kisha rangi nyeusi ya kupuliza, tabaka jembamba, dakika 15, tabaka jingine. Kufikia jioni wavu ulikuwa mweusi na bustani ya mama ina mraba mweusi kwenye nyasi. Hilo hatujalizungumza naye bado.

Usiku tuliubandika kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, tukaweka matofali juu, tukalala.

Jumapili saa tatu asubuhi tuliinua matofali. Wavu ukaja nayo. Gundi ilikuwa imekauka vizuri sana, ngumu kama jiwe, na ilibanduka kwenye bampa kama ganda la yai. Tukageuza bampa, na kwa mara ya kwanza tukasoma kilichopigwa chapa nyuma yake: PP+EPDM. PP ni polipropilini, plastiki ambayo gundi nyingi haziikamati bila dawa maalumu ya kuitayarisha. Herufi hizo zilikuwepo tangu 2008. Sisi, watu wa kusoma kila siku, tulikuwa na bampa mapajani siku nzima bila kulisoma.

Tukampigia mjomba wa mwenzetu, ambaye ni fundi gereji Tanga.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mbona sauti hivyo, mmefiwa?”

“Hapana mjomba, tunaweka wavu kwenye grili, gundi haishiki.”

“Grili? Mnachoma nyama?”

“Hapana, ya gari. Hapa mbele, panapoingia hewa.”

“Aaa, shoo! Sema shoo ya gari nikuelewe. Sasa gundi ya nini? Hilo bampa linashonwa. Hamjaona bampa limeshonwa?”

Hatukuwa tumeona. Kwa mjomba, bampa lililopasuka halitupwi: linatobolewa pande mbili za ufa na kushonwa kwa waya kama shati. Akatuelekeza kupitia kamera: toboeni matundu kuzunguka pengo, umbali wa vidole vitatu, toka nyuma, msiharibu uso. Tukatoboa.

“Haya, sasa tupa.”

Mwenzetu aliyeshika keekee akakaa kimya, akaangalia huku na huku. “Nitupe nini, mjomba?”

Mjomba alicheka hadi simu ikamdondoka. Tupa ni kile chuma chenye meno cha kulainishia. Tunaweza kuandika insha ya kurasa tano kuhusu riwaya, walimu wetu ni mashahidi, lakini nomino hiyo hatukuwahi kuihitaji sebuleni wala darasani. Tulilainisha matundu kwa tupa, tukashona wavu kwa vile vifungo vyeusi vya plastiki vya kufungia nyaya, 22 kwa jumla, tukakata mikia. Saa kumi kasoro bampa lilikuwa mahali pake.

Mama akatoka na kikombe cha chai. Alizunguka mbele ya gari, akautikisa wavu kwa kidole, akaridhika. Halafu akauliza, “Na watu wa bima mmewaambia?”

Hapana. Mabadiliko ya gari yanatakiwa kutajwa kwa kampuni ya bima, hata ya urembo tu, na usipotaja wanaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Bima ni ya mama, sisi ni jina la pili tu kwenye karatasi. Simu yao ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Tulisikiliza muziki wa kusubiri dakika 35, mama amesimama pembeni, chai imepoa, hasemi neno. Mhudumu akaandika, akasema malipo hayabadiliki. Mama akaingia ndani kuvaa sare.

Wiki tatu zimepita. Wavu haujalegea, na taa nyekundu ya joto haijawaka hata siku moja. Kipande kilichobaki, sentimita 30 hivi, kiko kwenye kabati la klabu kwa yeyote anayekihitaji. Na Mwalimu, mkasi wako wa bati tutaurudisha Jumatano, tukishautoa rangi.