Makro imefungwa, majina je?

Siku ya kugawa unga na mafuta mama anapanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne anaambiwa kompyuta imekataa, arudi kesho. Mara nyingine kompyuta haina kosa.

Orodha nyingi za familia zilizokimbia vita ziko katika Excel. Ndani yake mna makro, yaani maagizo yanayohesabu watu wa kila nyumba na kutafuta majina yaliyoandikwa mara mbili. Aliyeyaandika huyafunga kwa neno la siri. Mimi naona ni vema afunge. Bila hivyo yeyote anaweza kugusa hesabu, nyumba ya watu saba ikawa ya wanne, na nani atajua? Wanaosema kufunga kunaharibu kazi wanakosea. Maagizo yakiwekwa katika faili ya nyongeza, ile ya xlam, na kufungwa, orodha zingine zinaendelea kuyaita kama kawaida.

Kinachokata kiungo ni kuhamisha. Orodha inakumbuka folda ilimokuwa faili ya nyongeza. Ukiibeba kwa flashi kutoka Goma hadi Minova bila faili ile, Excel inasema haiioni, na maagizo yanagoma. Tena tangu 2022 Microsoft inazuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, mpaka mtu aziruhusu. Hayo yapimwe jana yake, kwenye kompyuta ileile itakayotumika, si mbele ya watu wenye njaa.

Linalonikasirisha zaidi: neno la siri analo kijana mmoja tu. Mkataba ukiisha, anaondoka nalo. Liandikwe basi, lifungiwe katika bahasha kwa mkuu wa ofisi, pamoja na nakala isiyofungwa.

Nanyi wahami, jueni hili. Kufuli la makro linaficha maagizo tu, na wenye ujuzi hulivunja bila taabu. Majina yenu, namba za simu, kijiji mlikotoka, vyote viko wazi kwa anayefungua faili. Huku kwetu, orodha ya namna hiyo ikifika kwa wenye silaha, hakuna haja ya kueleza. Linaloficha yaliyomo ni neno la siri la kufungulia faili yenyewe. Mkiandikishwa, ulizeni nani anaifungua orodha. Wakijibu kwamba imefungwa, ulizeni kilichofungwa ni kipi, maagizo au majina.