Mshipa wa Mkono Uandaliwe Mapema



Katika vijiji vyetu vya Katumba, aghalabu mtu huambiwa kuwa figo zake zimeshindwa kazi pale ambapo hali imekwishaharibika. Hapo hutafutwa mambo mawili kwa pamoja: fedha, na njia ya kuitoa damu mwilini ili isafishwe na mashine. La kwanza hulizungumza kila mtu. La pili hulijua wachache, nalo ndilo tunalokusudia kulieleza.

Mashine huhitaji damu nyingi yenye kasi, kwa kawaida saa nne, mara tatu kwa wiki. Vena ya mkono haiwezi kuyahimili hayo. Mwaka 1966 madaktari Brescia na Cimino na wenzao wa New York walitangaza ufumbuzi: hufanywa upasuaji mdogo mkononi, vena ikaunganishwa na ateri, hata ikapanuka na kuwa imara. Njia hiyo huitwa fistula. Isichanganywe na fistula ya uzazi. Ile ni maradhi, hii ni tiba.

Lakini fistula haitumiki siku inapofanywa. Huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi, ili ikomae. Aliyechelewa hulazimika kuwekewa mpira shingoni, nao ni mlango wa vijidudu kuingia katika damu. Wapo waliookolewa na mashine, kisha wakafishwa na maambukizo.

Basi wajibu wetu ni upi?

Kwanza, mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe figo kabla hajaugua.

Pili, aliyeambiwa figo zimedhoofika amuulize daktari habari ya fistula mapema, na auhifadhi mkono asioutumia sana: usichomwe sindano ovyo wala kuwekewa dripu. Baada ya upasuaji, mkono huo usipimwe presha, usilaliwe, wala usibebeshwe mzigo mzito. Mtetemo wake uguswe kila siku. Ukikoma, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, sisi jamaa na majirani. Kwa mtu wa Katumba, kumfikia daktari wa upasuaji huu huenda ikawa safari ndefu hadi hospitali ya rufaa ya mbali. Msibani huchanga kila mtu bila kuombwa mara mbili. Tumchangie nauli mgonjwa huyu angali anatembea kwa miguu yake, wala tusingoje hadi abebwe.