Jasho la palizi halitolewi stakabadhi

Februari 2020 Mahakama ya Rufani, ikiwa katika kikao chake cha Tanga, ilisema kwamba jambo kuu katika kugawa mali ya wanandoa walioachana ni kiwango cha mchango wa kila mmoja, na kwamba kiwango hicho lazima kithibitishwe kwa ushahidi. Tangu siku hiyo maneno hayo yananukuliwa katika hukumu moja baada ya nyingine. Kila yanaponukuliwa, anayeulizwa "umechangia nini?" ni mwanamke. Mwanamume haulizwi, kwa kuwa jina lake tayari lipo kwenye karatasi.

Kwa mke wa mkulima wa Kate, Chala au Kipande, huku Ufipa mkoani Rukwa, sharti hilo jinsi linavyotumika sasa ni dhuluma. Limegeuza kifungu cha sheria kilichotungwa kumlinda kikawa mlango wa kumtolea nje. Mahakama inayomdai mke wa Ufipa karatasi za kazi yake inamdai kitu ambacho hajawahi kupewa na mtu yeyote, wala na Serikali yenyewe.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Katika kugawa, mahakama izingatie mila za jamii husika, mchango wa kila upande kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kupima hayo, inatakiwa kuelekea kwenye mgawanyo sawa. Kazi imetajwa pale pale pamoja na fedha, haikuwekwa chini yake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilimaliza ubishi wa majaji wa Mahakama Kuu kwa kutamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wengi wanaoitaja kesi hiyo kwa furaha hawataji mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitumia ovyo. Tumepewa kanuni njema, na tangu mwanzo wake tumeonyeshwa jinsi mwanamke anavyoweza kushinda hoja na kukosa mali.

Wapo wanaosema mahakama haiwezi kugawa kwa kukisia, na kwamba bila ushahidi mtu atakaa kwenye ndoa miezi michache kisha adai nusu ya jasho la miaka ishirini. Wengine husema ardhi ya Ufipa ni ya ukoo, hupita kwa baba kwenda kwa mwana, na mke alitolewa mahari. Hofu ya kwanza haina uzito, kwa sababu muda mfupi wa ndoa ni jambo ambalo hakimu yeyote analiona na kulipima. Ya pili sheria imekwisha kuijibu. Kifungu hicho hicho cha 114 kinahesabu hata mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa jitihada za wote wawili. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Shamba la babu lililokuwa pori, likafyekwa na kuoteshwa na watu wawili, si la babu peke yake tena.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tazameni mwaka wa kilimo juu ya uwanda wa Ufipa. Mvua zikianza Novemba, maksai wanafungwa plau, na hapo mwanamume anaonekana. Mbegu inafukiwa na mke na watoto. Januari na Februari ni palizi, wiki baada ya wiki mgongo ukiwa umeinama, na ndiyo kazi inayoamua kama heka itatoa magunia ishirini au manane. Machi maharage yanapandwa. Kwenye mashamba ya matuta ya intumba nyasi zinafunikwa udongo ili zioze, ulezi na maharage vipate rutuba. Mke akiona mikono haitoshi, anapika pombe ya kimpumu, majirani wanakuja kulima. Juni na Julai ni kuvuna, kubeba, kupukuchua, kupepeta na kujaza magunia. Katikati ya hayo yote kuna kuni, maji, wagonjwa na watoto wa shule.

Halafu inakuja karatasi. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23, hupatikana kwa mkulima aliyeandikishwa kijijini na kupewa namba yake, na mara nyingi anayeandikwa ni mkuu wa kaya. Mahindi yanapopelekwa kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, jina linaloandikwa ndilo linalolipwa, na akaunti ni ya mwenye jina. Chama cha msingi kina daftari la wanachama, na mwanachama ni baba. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili bila kizuizi chochote cha sheria, lakini afisa akiuliza "shamba ni la nani?" mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, jibu linalotoka ni jina moja. Pikipiki, plau, bati za nyumba na mashine ya kusaga, vyote vina risiti yenye jina la aliyekwenda Sumbawanga kununua. Aliyebaki kupalilia hakwenda.

Kwa hiyo anapofika mbele ya hakimu akaambiwa athibitishe kiwango cha mchango wake, atoe nini? Kila nyaraka iliyozaliwa na kazi ya mikono yake ina jina la mtu anayeshtakiana naye. Mume analeta bahasha, mke analeta maneno yake, na hukumu inaandika kwamba mdai ameshindwa kuthibitisha. Hilo si pengo la ushahidi. Ni mfumo mzima wa kumbukumbu uliojengwa juu ya jina la mmoja, kisha mahakama ikaufanya kipimo cha haki kati ya wawili.

Na hapa subira yangu inakwisha. Mahakama ya Rufani haikusema ushahidi ni risiti. Ushahidi wa mdomo ni ushahidi, na katika Mahakama ya Mwanzo ndio unaotegemewa kuliko wowote. Hakimu aliyezaliwa katika nchi ya wakulima anajua heka tano za mahindi hazipaliliwi na mtu mmoja. Anajua nani hufanya kazi hiyo. Akijifanya hajui mpaka aonyeshwe karatasi, hapimi ushahidi, anaukataa.

Tena Bunge lilikwisha kulisema hili waziwazi, ila katika sheria nyingine. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinaeleza kwamba ardhi ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, lakini mwenzake amechangia nguvu kazi yake katika uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wa ardhi hiyo, basi kwa kazi hiyo huyo mwenzake anahesabiwa kuwa amepata maslahi ndani yake. Hakuna stakabadhi iliyotajwa. Kazi yenyewe ndiyo inayompa haki. Wakenya walikwenda mbali zaidi: Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imeorodhesha kazi ya shamba miongoni mwa michango isiyo ya fedha, pamoja na malezi ya watoto na usimamizi wa nyumba. Mahakama yao ya Juu nayo ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si jambo la moja kwa moja, lakini katika shauri lililokuwa mbele yake ikaacha mgawanyo sawa ubaki.

Kifungu cha 114 kilipaswa kusomwa hivi: kama watu wameishi na kulima pamoja kwa miaka, hesabu inaanzia nusu, na anayetaka mwenzake apate pungufu ndiye alete ushahidi. Mzigo ukae kwa mwenye karatasi.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mwanamke wa Kate asiende mahakamani mikono mitupu. Kabla ya talaka shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza likishindwa kupatanisha litoe hati kwa fomu inayotakiwa. Jambo hili si dogo. Mwaka huo huo wa 2020 Mahakama ya Rufani ilifuta talaka iliyokuwa imepita ngazi zote za chini kwa sababu hati ya Baraza haikuwa sahihi, na watu wakarudishwa mwanzo baada ya miaka ya kesi. Hati isomwe kabla ya kuondoka nayo: majina, tarehe, sahihi, na neno kwamba usuluhishi umeshindikana. Halafu mashahidi. Waliokuja kulima siku ya kimpumu ni mashahidi wa kazi. Aliyeuza bati, jirani wa mpaka wa shamba, mwenyekiti aliyekuwepo siku shamba linanunuliwa, wote waitwe, na kila mmoja aulizwe mwaka gani, heka ngapi, nani alikuwepo. "Tulichuma wote" ni kauli ya kweli isiyomsaidia hakimu. "Mwaka 2014 tulifyeka heka tatu bondeni, mimi nilipalilia na kuvuna misimu sita mfululizo" ni ushahidi.

Wakatoliki wa parokia ya Kate na kwingine katika Jimbo la Sumbawanga wana tatizo lao, na sioni kama linazungumzwa vya kutosha. Wengi hawaombi talaka kwa sababu ya imani, basi wanarudi kwao na nguo tu, shamba na ng'ombe wakibaki kwa mume. Sheria haiwalazimishi kuchagua kati ya sakramenti na mali. Mtu anaweza kuomba amri ya kutengana, ndoa ikabaki ndoa, na kifungu cha 114 kinaruhusu mali kugawanywa hapo pia. Sheria ya Kanisa yenyewe inatambua kutengana huku kifungo cha ndoa kikibaki. Mapadri na makatekista wanaowapokea wanawake hawa wangewaambia hivyo.

Kuhusu watoto, mahari haiwafanyi mali ya baba. Sheria inatanguliza ustawi wao, na kwa mtoto wa chini ya miaka 7 inachukulia kuwa ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ila matunzo yanapangwa vibaya. Mkulima wa Rukwa hupata fedha mara moja kwa mwaka, halafu anaamriwa alipe kila mwezi, na ifikapo Januari amekwisha kushindwa. Makubaliano yaandikwe kwa kalenda ya shamba: magunia kadhaa Julai, ada na sare mahindi yakiuzwa, matibabu kila yanapotokea, na siku za mtoto kwenda kwa mzazi mwingine zitajwe. Yasainiwe mbele ya ofisa ustawi wa jamii na kupelekwa mahakamani yawe amri, maana karatasi ya nyumbani haina nguvu ya kumkamata mkaidi.

Walio kwenye ndoa yenye amani nao wana la kufanya, na ni rahisi kuliko kesi yoyote. Hati ya kimila iandikwe majina mawili. Sheria ya Ndoa inawaruhusu mke na mume kukubaliana kuhusu mali zao, kwa hiyo shamba likinunuliwa, mkataba wa mauziano uwe na sahihi zote mbili.

Lakini nisiwaachie wanawake kazi ya kuziba tundu lililotobolewa na ofisi. Tangu Mahakama ya Rufani ilipothibitisha mwaka 2019 kwamba umri wa msichana kuolewa lazima urekebishwe, mjadala wa Sheria ya Ndoa umebaki kwenye umri peke yake. Ni jambo zito na linastahili. Muswada wa kuirekebisha sheria hiyo ukifika bungeni, wabunge wa Rukwa wadai kifungu cha 114 kifunguliwe pia, kazi ya shamba itajwe kwa jina, na nusu iwe mahali pa kuanzia. Wizara ya Kilimo haihitaji hata muswada: daftari la mbolea ya ruzuku liongezewe nafasi ya jina la mwanandoa msimu ujao, na vituo vya kununulia mahindi vifanye hivyo hivyo.