Protezi za matiti: mwanamke asirudi nyumbani bila karte yake

Kuna wanawake Wakongomani wanaoishi na protezi za matiti. Wengine walipasuliwa Ubelgiji ama Ufaransa wanakoishi, wengine walisafiri mpaka Tunisia, Uturuki ama India, wengine walifanyiwa hapahapa inchini, Kinshasa. Kuna aliyetaka umbo lingine, kuna pia aliyeondolewa titi kwa sababu ya kansa. Wakifika Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia wanakuta shida moja: ni vigumu kupata munganga wa kuwafuatilia. Na kwa kuwa mtaani jambo hili huzungumzwa kwa kicheko ama kwa kunong'ona, wako wanaolificha hata mbele ya munganga. Hilo ni kosa la mtaa kuliko la mwanamke.

Protezi ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni ama maji ya chumvi. Ya maji ikipasuka, titi hunywea na mwenyewe anajua. Ya jeli ni habari nyingine. Mfuko unaweza kupasuka na jeli ikabaki palepale, ndani ya utando ambao mwili hujenga kuizunguka protezi. Hakuna maumivu, titi linaonekana kama jana, na hata munganga mzoefu akilipapasa anaweza asigundue kitu. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, inasema wazi kwamba protezi si kifaa cha maisha yote: kati ya wanawake walioziweka ili kuongeza ukubwa wa matiti, hadi 20 kwa mia hulazimika kuziondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Ni wangapi waliambiwa hivyo kabla ya kulipa?

Aliyesahau PIP akumbushwe. Kampuni hiyo ya La Seyne-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, ilijaza protezi zake jeli ya viwandani isiyoruhusiwa katika mwili wa binadamu, kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini. Mwezi wa tatu 2010 wakaguzi waligundua udanganyifu huo na protezi zikaondolewa sokoni. Mwezi wa kumi na mbili 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake karibu 30 000 waliokuwa nazo wazitoe, hata wasio na dalili yoyote, bima ya afya ikilipa. Mwanzilishi wa kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 huko Marseille mwaka 2013. Uchunguzi uliofuata haukuonyesha kwamba jeli ile huleta kansa. Ulionyesha kwamba protezi zile zilipasuka mara nyingi kuliko zingine.

Kwa msomaji wa Kivu ama Ituri, jambo kubwa haliko kwenye kesi ya Marseille. Protezi za PIP ziliuzwa katika inchi nyingi. Mwanamke aliyekuwa na karte yenye jina la kampuni na namba ya protezi angeweza kujua mara moja kama anahusika. Asiye nayo ilimbidi amtafute aliyempasua, kama bado yupo. Uingereza, ambako wanawake karibu 47 000 walikuwa na protezi hizo, ilianzisha daftari la kitaifa la protezi mwaka 2016 tu. Inchi tajiri ilichelewa miaka 6. Kongo haina sababu ya kungoja kashfa yake.

Baadaye kulikuja Allergan. Tarehe 24 mwezi wa saba 2019 kampuni hiyo iliondoa sokoni, dunia nzima, protezi zake za Biocell zenye ngozi ya kukwaruza. FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani, na vifo 33, wa aina ya nadra ya kansa ya limfu ambayo Wafaransa huiita LAGC kwa kifupi. 481 kati ya hao walikuwa na protezi za Allergan. Kansa hiyo huanzia katika utando unaozunguka protezi, si kwenye nyama ya titi. Hesabu ni ndogo ukikumbuka mamilioni ya wanawake wenye protezi, na FDA haikumwambia asiye na dalili aziondoe. Ikigunduliwa mapema, kutoa protezi pamoja na utando wake mara nyingi kunatosha.

Ila lazima igunduliwe. Dalili yake kubwa ni titi moja kuvimba na kujaa maji, miaka mingi baada ya operesheni. Munganga asiyejua kwamba mgonjwa ana protezi anaweza kulitibu kama jipu, antibiotiki juu ya antibiotiki, miezi ikapita. Maji hayo yanapaswa kuvutwa kwa sindano na kupelekwa kwenye laboratwari inayoweza kutafuta alama ya CD30.

Kwa asiye na dalili mwenye protezi za jeli, FDA inashauri ekografi ama IRM ya kwanza mwaka wa 5 ama wa 6 baada ya operesheni, kisha kila miaka 2 ama 3. Neno ekografi ndilo la kushika hapa, kwa sababu mashine hiyo inapatikana katika miji ya mashariki. IRM ni adimu, na huhitajika zaidi pale ekografi inapoacha mashaka ama dalili zinapojitokeza. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwanzoni mwa 2025, kwa mkaaji wa Goma kuvuka mpaka kwenda Kigali ni rahisi kuliko kufika Kinshasa. Anayepanga bei ya operesheni ahesabu na safari hiyo.

Protezi haizuii kansa ya kawaida ya titi, wala haiondoi haja ya mamografi kwa aliyefikia umri wake. Inaficha sehemu ya titi, hivyo mpiga picha aambiwe mapema ili aongeze picha za pembe nyingine.

Wizara ya afya, ACOREP inayosimamia dawa, na baraza la waganga wanaweza kuamuru kila kliniki inayoweka protezi iandike jina la kampuni, modeli na namba, nakala moja apewe mgonjwa na nyingine ibaki katika daftari la taifa. Kazi hiyo haihitaji mashine ya bei kubwa. Kwa sasa, aliyepoteza karte aiandikie kliniki iliyompasua, aombe ripoti ya operesheni, ambamo namba hizo huandikwa, kabla kliniki hiyo haijafunga milango.