Daftari la Ardhi Lisifungiwe Kabatini



Mkulima wa karafuu hauzi gunia lake bila ya kuitazama mizani. Husimama pale pale, akahesabu kilo, ndipo akapokea stakabadhi. Ajabu ni kuwa mtu huyo huyo hununua shamba kwa neno la muuzaji na mashahidi wawili, asiulize afisini hata mara moja.

Wanachama wengi wana watoto na ndugu waliohamia bara, na wengine wanatafuta ardhi huko. Basi yafaa tujue mambo yaendavyo. Natwaa mfano wa Morotonga, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Mwenye kutaka ardhi pande hizo kwanza aulize: ni ardhi ya kijiji, au ni kiwanja kilichopimwa? Ikiwa ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaitaka halmashauri ya kijiji iwe na daftari la ardhi, na mtendaji wa kijiji ndiye mtunzaji wake. Humo huandikwa hati za hakimiliki ya kimila. Ikiwa ni kiwanja kilichopimwa, aende idara ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya, Mugumu; na chenye hati akiombee upekuzi kwa Msajili wa Hati, alipe ada.

Tena bara iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia huandika ombi, na afisi yapaswa kumjibu kwa maandishi katika siku 30. Mwombaji aweke nakala ya barua yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Wako wasemao kuwa daftari likifunguliwa kwa kila mtu, wachochezi watapata la kugombania. Mimi naona kinyume. Ugomvi huzaliwa gizani: shamba moja likauzwa kwa watu wawili, au mjane akaambiwa marehemu hakuacha kitu, ilhali jina lake mwenyewe limo katika hati. Sheria ile ya 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, na mila imnyimayo haina nguvu. Lakini haki hiyo itamfaa nini ikiwa hakuonyeshwa ukurasa wenye jina lake?

Na sisi visiwani? Sheria ya 2016 ni ya bara tu, haitufikii. Lakini shida ni ile ile, pengine kubwa zaidi, kwani kwetu tangu zamani ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mikarafuu ikawa ya mwingine. Wako pia wanaolima eka tatu walizopewa wazee wao baada ya Mapinduzi ya 1964, na wazee hao wamekwisha kufa.

Shauri langu ni hili. Kabla mwanachama hajatoa fedha, aende kwa sheha na afisi ya ardhi, aulize mambo manne: nani ameandikwa, mipaka iko wapi, miti ni ya nani, na kama pana rehani au kesi. Nao watunzaji wa madaftari wakumbuke kuwa vitabu vile ni amana ya watu. Mwenye kuuliza asifukuzwe kama mwizi.